Rimoti ya bei nafuu inavyoweza kuliokoa au kulipoteza gari dogo

WATOTO wa vijijini katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huunda magari ya waya tangu wakiwa wadogo. Magurudumu hukatwa kutoka kwenye kandambili chakavu, usukani huwa fito ndefu yenye duara la waya, na dereva hukimbia nyuma ya gari lake. Wanapokua, baadhi yao hutamani gari linalokwenda lenyewe. Hapo huzuka swali: rimoti ipi inunuliwe kwa fedha kidogo, na ifungwe vipi ili gari litii?

Swali hilo si la mchezo tu. Gari dogo la ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya gari halisi laweza kuwa na uzito wa kilo 2, na lenye mota yenye nguvu laweza kuzidi mwendo wa kilometa 40 kwa saa. Mawasiliano yakikatika likiwa katika mwendo huo, laweza kumjeruhi mtoto, kuingia barabarani mbele ya bodaboda au kutumbukia mtoni pamoja na akiba ya miezi kadhaa ya mwenyewe.

Fani ya kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio ni kongwe. Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, Marekani, mashua ndogo aliyoiongoza bila waya. Tanzania nayo ina kisa chake. Mwaka 2009, mpiga picha wa Uingereza, Will Burrard-Lucas, na ndugu yake Matthew walifika katika hifadhi za Ruaha na Katavi wakiwa na gari dogo lililobeba kamera, waliloliita BeetleCam. Lilipowakaribia simba, mmoja alilibeba kwa meno. Kamera iliharibika, lakini kadi yenye picha ilipona. Mwaka 2011 walilipeleka gari la namna hiyo, safari hii likiwa na gamba la kulikinga, katika Masai Mara ya Kenya, inayopakana na Serengeti.

Kilichomo ndani ya mfumo

Mfumo wa kawaida una sehemu kuu nne. Rimoti hushikwa mkononi na kutuma amri. Kipokezi hukaa ndani ya gari na kuzipokea. Servo hugeuza magurudumu ya mbele, na kidhibiti mwendo hupima umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota.

Magari mengi ya kuchezea yanayouzwa madukani hujua amri chache tu: kwenda au kusimama, kukata kona yote au kutokata kabisa. Katika mfumo wa kweli, gurudumu hugeuka kwa kadiri kidole kinavyogeuza usukani. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Rimoti isiyo na uwezo huo haifai kwa gari lenye kasi, hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Jambo la pili ni masafa. Rimoti za zamani zilitumia masafa kama megahezi 27, na magari mawili yaliyotumia chaneli moja yaliingiliana. Rimoti za gigahezi 2.4, zilizoenea kuanzia miaka ya 2000, huunganishwa na kipokezi chake pekee, hivyo magari kadhaa huweza kukimbia uwanja mmoja bila kugombana. Anayenunua kifaa cha mtumba hana budi kulihakikisha hilo. Aidha, ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inayosimamia masafa nchini na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, na anayeagiza nje anapaswa kulizingatia hilo.

La tatu ni idadi ya chaneli. Gari la kawaida linahitaji mbili tu: ya usukani na ya mwendo. Ya tatu hufaa kwa taa au kwa kamera kama ile ya BeetleCam. Kulipia chaneli kumi kwa gari la kukimbia uwanjani ni kutupa fedha.

Bei iliyojificha

Rimoti za kuanzia za kampuni kama FlySky, Radiolink na DumboRC, pamoja na kipokezi, huuzwa kwa kawaida kati ya dola 30 na 60 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Hata hivyo, bei ya kununulia si gharama yote.

Baadhi ya rimoti hutumia betri nane ndogo za AA, nyingine nne tu, na nyingine zina betri ya kuchaji. Kwa kijana wa Nyamongo au Mugumu anayenunua betri dukani kila mara, rimoti inayotumia nane yaweza kumgharimu zaidi, baada ya muda, kuliko ile aliyoikimbia kwa sababu ya bei. Vilevile, kipokezi cha kampuni moja kwa kawaida hakielewani na rimoti ya kampuni nyingine. Basi kabla ya kununua, iulizwe bei ya kipokezi cha akiba. Gari huvunjika na kubadilishwa, ilhali rimoti nzuri huhifadhi kumbukumbu za magari kadhaa na kumhudumia mwenyewe miaka mingi.

Muhimu kuliko yote ni kinga ya kukatika kwa mawimbi. Kwa kinga hiyo, kipokezi kinachopoteza mawasiliano hukata mwendo wa mota chenyewe. Fedha zikiwa haba, heri kukosa kioo cha kuonyesha namba, taa na madoido mengine kuliko kukosa kinga hiyo.

Kufunga kwa utaratibu

Kazi ianze gari likiwa juu ya tofali, magurudumu yakiwa hewani. Kwanza, rimoti na kipokezi viunganishwe kwa kufuata maelekezo ya kampuni. Kipokezi kwa kawaida hupata umeme kupitia kidhibiti mwendo. Betri kuu isiunganishwe nacho moja kwa moja, kwani vipokezi vingi havihimili nguvu hiyo.

Pili, usukani ugeuzwe kulia kutazama kama magurudumu yanafuata. Yakikwenda kinyume, swichi ya kugeuza upande ibadilishwe. Kisha yanyooshwe katikati, na kikomo cha mzunguko kipunguzwe mpaka servo iache kulia inapofika mwisho. Servo inayosukuma chuma kisichoweza kusogea zaidi hupata joto na kuungua.

Tatu, kidhibiti mwendo kifundishwe mahali pa kusimama, mwendo wa mwisho wa mbele na wa nyuma. Nne, kinga ya mawimbi iwekwe mahali pa kusimama, halafu ijaribiwe: magurudumu yakizunguka hewani, rimoti izimwe. Yasiposimama, gari lisiguse ardhi.

Tano, rafiki alishike gari na kwenda nalo mbali huku mwenyewe akijaribu usukani. Antena isikatwe wala kukunjwa, na ikae mbali na mota. Kwa kuwa vipokezi vingi havihimili maji, fundi mwenye bajeti ndogo hukitia kipokezi ndani ya puto na kulifunga mdomo. Kinga hiyo hufaa kwa vumbi la kiangazi na kwa madimbwi ya masika.

Kila siku, rimoti huwashwa kwanza na gari baadaye. Wakati wa kuzima, gari hutangulia. Anayegeuza utaratibu huo huliacha gari bila bwana, hata kama ni kwa sekunde chache.

Kuhusu betri ya gari, ile ya nikeli ya volti 7.2 huvumilia makosa ya mwanafunzi zaidi ya betri ya lithiamu. Ya lithiamu ni nyepesi na yenye nguvu, lakini ikichajiwa vibaya au kutobolewa huweza kuwaka moto. Haifai kuachwa ikichajiwa usiku kucha ndani ya nyumba.

Mwisho ni mahali pa kuendeshea. Uwanja wa mpira usio na watu unatosha. Barabara na njia za mifugo hazifai. Anayevutwa na kisa cha simba wa Ruaha akumbuke kwamba Hifadhi ya Taifa ya Serengeti si uwanja wa majaribio. Chombo cha namna hiyo kisipelekwe humo kabla ya kupata ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Kijana anayefuata hatua hizo hujifunza pia fizikia ya mawimbi, umeme na mota anayofundishwa darasani. Fedha yake haitapotea iwapo, kabla ya kuulizia kasi ya gari, atauliza kwanza litasimama vipi.