Nyoka wa Nakivale Hajui Majira ya Baridi

Mwezi wa Julai, vumbi likiwa limetanda katika barabara itokayo Mbarara, tulifika katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kuonana na wananchi kama ilivyo kazi yetu. Tulipokuwa kivulini alitujia kijana mmoja, mzaliwa wa Kivu, amebeba debe lililofunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji.

"Afande," alisema, "nyoka wangu hataki kulala."

Askari wetu wawili, hatuna budi kukiri, walirudi nyuma. Ndani ya debe mlikuwa na nyoka mwembamba wa kahawia, wa jamii ile isiyo na sumu iingiayo majumbani usiku kuwinda panya. Alikuwa humo siku nne, akisugua pua kwenye bati hata ikachubuka. Panya aliyelishwa kabla ya hapo alikuwa amemtapika.

Ilibainika kwamba kaka yake kijana huyu, aliyehamia Kanada, anafuga nyoka, naye alimweleza nduguye kwa simu namna ya kumlaza wakati wa baridi. Maelezo yale yalikuwa sahihi kabisa, kwa Kanada. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Hulipata kutoka kwa jua na ardhi. Baridi ikizidi, tumbo lake huacha kusaga. Kwa hiyo mfugaji wa huko humnyima chakula wiki mbili au tatu kwanza, kwani kinachobaki tumboni huoza na chaweza kumwua. Ndipo hupunguza joto kidogo kidogo hadi kati ya nyuzi 10 na 13 za sentigredi, akimweka gizani na maji safi kwa majuma manane au zaidi. Nyoka akihangaika, huenda joto halijashuka vya kutosha.

Lakini Nakivale i karibu na ikweta. Hata mwezi wa Julai, mchana hufika nyuzi 26 au 27. Nyoka wa hapa hakuumbiwa usingizi wa baridi. Kimsumbuacho ni ukavu. Kiangazi kikikaza, hujificha katika kichuguu au shimo lililoachwa na muhanga, akingoja mvua za Septemba. Gunia lile lilimpoza angali na panya tumboni. Alikuwa akitafuta joto, si usingizi.

Ilitubidi kusema pia lisilopendeza: Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Tena swila naye huweza kuwa wa kahawia, na kumtambua nyoka kwa rangi peke yake ni hatari. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba tangu nyoka aje, panya hawajatoboa gunia la mahindi la mama yake.

Alasiri tulimsindikiza hadi kwenye kichuguu kilichoko nyuma ya shamba lao. Debe likalazwa juani. Nyoka alitulia juu ya udongo wenye joto karibu robo saa, halafu akaingia shimoni.

Kijana akaokota debe lake, akatuuliza kama amwambie kaka yake kwamba amekosea. Tukamjibu kwamba kaka yake hakukosea.