Kitabu Kilichovikwa Leso ya Nyanya

Katika nyumba zetu nyingi, msahafu una mahali pake pa juu, vyombo vya wageni vina kabati lao, na simu ina waya wake karibu na kitanda. Kitabu cha mtoto huishi mkobani. Hutolewa akipewa kazi na mwalimu, au akikosa akaambiwa, "Kaa hapo usome!" Kisha twashangaa kwamba akikiona kitabu hununa.

Likizo ya Desemba tulikaa mkekani na wanetu tukatengeneza kitabu. Tulipinda karatasi 6 za A4 katikati na kuzitia moja ndani ya nyingine, tukapata kurasa 24. Jalada lilitoka kwenye boksi la biskuti, tukalivika kipande cha leso kuukuu ya nyanya yao. Mara ya kwanza tulibandika kwa uji wa ngano, na siku ya tatu mende walikuwa wamekwisha kukidurusu kabla yetu. Tukarudia kwa uzi.

Toboeni matundu 3 kwenye mkunjo. Sindano itokee nje kwa tundu la kati, iingie ndani kwa la juu, ishuke hadi la chini itoke tena, kisha irudi ndani kwa lile la kati, mfunge fundo. Wadogo wasiachiwe shazia. Wao kazi yao ni kupinda na kuchora.

Ukurasa wa kwanza tuliandika jina la mtoto, la babake na la babuye. Zilizofuata ni ile hadithi ya sungura ambayo nyanya haachi kuisimulia, kwa Kiamu chake vile vile, sentensi mbili tatu kila ukurasa. Aya za Qur'ani hatukutia, maana kitabu hiki huburutwa hadi jikoni. Wala si jambo geni kwetu: Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, alianza kwa kumwita aje na wino na karatasi.

Mwanetu wa miaka saba, aliyekuwa akikwama kila mstari, alikisoma chote bila kusita. Tulidhani atuhadaa, kwani hadithi ameihifadhi. Tukamwambia aweke kidole chini ya kila neno. Ndipo tulipokumbuka kuwa chuoni nako huanza hivyo, ulimi ukatangulia na jicho likafuata. Kitabu cha skuli humletea herufi ngeni, kisa kigeni na mara nyingi lugha ngeni, vyote kwa pamoja. Mtoto gani asichoke?

Usiku, baada ya Isha, alimsomea nyanya yake, ambaye husoma kwa herufi za Kiarabu tu. Alipofika ukurasa wa tisa bibi akamkatiza: "Hapo sikusema hivyo." Mjukuu akaenda kutafuta kalamu.