Ua la Joe Pye

Paukwa! Pakawa! Haya, sogeeni. Leo kuna mmea unaompita baba yako kwa kimo, na kila mwaka hufa wote juu ya ardhi huku mzizi ukibaki mzima chini.

Kwao ni mashariki ya Marekani, penye mabonde ya majimaji na kingo za vijito. Huko umepewa jina la mtu, Joe Pye. Walisema alikuwa mganga aliyetibu homa kwa mmea huu, na watu wakabishana miaka na miaka: aliishi kweli, au ni wa hadithini kama Sungura na Fisi? Mwaka 2017 watafiti wawili wakachapisha jibu. Aliishi! Alikuwa Joseph Shauquethqueat, kiongozi wa Wamohikani, watu wa Stockbridge huko Massachusetts. Ila dawa yake msiijaribu, maana mmea una sumu inayoumiza ini.

Sasa, kuupanda. Uchagulie mahali penye jua na udongo usiokauka upesi, uchanganye na mboji, kisha usisahau kumwagilia, kwani kiu ikiubana majani huungua kingoni.

Kazi iko kwenye kungoja. Baridi ikija na theluji, mashina hukauka yakawa makahawia. Yaache yasimame, kwa sababu nyuki wadogo hujificha ndani ya mashina makavu. Theluji ikiyeyuka, maua mengine yanachomoza, yanachanua, hata yanapukutika, na pale kwa Joe Pye hakuna chipukizi hata moja! Mwenye haraka husema, "Umekufa huu," akachukua jembe na kukata machipukizi yaliyokuwa karibu kutokeza. Wewe chomeka kijiti pale mzizi ulipo, usipachimbe.

Ukishatokeza, utadhani unafukuzwa. Machipukizi ya zambarau hupasua udongo, shina linapanda, na kwenye kila pingili majani matatu, manne au zaidi hulizunguka kama mabawa ya feni. Kufikia Agosti unaweza kupita mita mbili. Ukiona utakuzidi, kata ncha mapema Juni. Utatoa matawi, uwe mfupi kidogo na uchelewe kidogo kuchanua.

Halafu maua. Hilo unaloliona kama kichwa kimoja cha waridi ni mamia ya vijiua, kila kimoja na nyuzi zake zinazochungulia nje, ndiyo maana kichwa chote huonekana kina manyoya. Nyuki hutembea juu yake kwa miguu, hawana haja ya kuruka. Septemba, bustani nyingi zikiwa zimeishiwa maua, hufika vipepeo wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, walio safarini kwenda milima ya Meksiko. Hunyonya nekta hapo, wakajaza mafuta mwilini ya kuwavusha baridi yote. Hao mie nawapenda kuliko ua lenyewe.

Miaka ikipita shina huwa kichaka. Machipukizi yakianza kutokeza, yakiwa mafupi bado, chimbueni kitita chote, mkigawe kwa sepetu, nusu mumpelekee jirani.