Kabla ya Kulala Chini ya Gari

Simama siku moja pale Miti, utazame magari. Njia inayotoka Bukavu inagawanyika pale: moja inaenda Kavumu, Katana na Kalehe mpaka Goma, ingine inapanda katika pori ya Kahuzi-Biega, inaelekea Bunyakiri na Walikale. Malori ya mizigo, teksi, Land Cruiser za kwenda kwenye machimbo, zote zinapita hapo. Na njia yetu unaijua: matope, mawe, mashimo. Resori inavunjika, mafuta ya mota inavuja. Ndiyo maana kijana mwenye akili ya ufundi anafungua garaji katika kiwanja cha wazazi wake.

Kazi hiyo ni nzuri. Lakini tuulizane: gari ikiisha kuinuliwa, inashikiliwa na nini? Mara nyingi ni kriki moja na mawe mawili, ao kipande cha mti. Na chini yake mtoto wa mtu amelala chali.

Nguvu ya kriki inatoka wapi?

Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi tangu 1623 hadi 1662, mtu wa sayansi na wa imani, ndiye alieleza nguvu hiyo: ukisukuma mafuta yaliyofungiwa, msukumo unaenea sawasawa pande zote. Tuseme pistoni ndogo ina sentimeta 1 ya mraba, na kubwa ina 50. Ukisukuma ile ndogo kwa nguvu ya kilo 40, kubwa itainua kilo 2.000. Ni kusema, mkono mmoja unainua gari nzima.

Lakini uzito wote ule unategemea kipete kidogo cha mpira kinachozuia mafuta yasipite. Kikichakaa, gari inashuka, na haiulizi kama uko chini. Basi shika neno hili: kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Kinachoshikilia ni miguu ya chuma, ile wafundi wanaita shandele, juu ya udongo mgumu, na magurudumu mengine yamezuiliwa.

Kama unataka ponti

Kuna vijana wanaota ponti, ile mashine ya nguzo mbili inayopandisha gari mpaka juu ya kichwa. Nyingi zinabeba tani 3 ao 4. Kabla ya kutoa feza, keti kwanza upige hesabu, kama yule mwenye kujenga mnara katika Luka 14.

Sakafu: nguzo zinafungwa kwa boloti ndani ya beto. Fuata unene ulioandikwa katika kitabu cha mashine. Sentimeta 15 si ajabu. Beto inangojewa siku 28 hivi ipate nguvu yake. Kufunga ponti juu ya sakafu nyembamba ni kutafuta kifo.

Urefu: gari ya mita 2, na mtu amesimama chini yake, inaomba karibu mita 4 mpaka kwenye dari.

Umeme: uliza kama mota inaomba nyaya tatu za moto, na kama nyumba yako inazo. Umeme ukikatika, vifungo vya chuma ndivyo vinabakia kushika gari. Usiingie chini kabla hujavisikia vimeingia mahali pao. Na gari ikipanda sentimeta 30, simamisha, itikise kidogo, kisha endelea.

Shimo, ponti ya maskini

Kwa wengi wetu njia ya karibu ni shimo. Linakuwa na upana wa sentimeta 80 hivi, ili magurudumu yapite pembeni, na kina cha kumfikia fundi mabegani. Weye mchimbaji unajua kuta za udongo: mvua ikinyesha zinabomoka. Jenga kwa matofali na simenti, weka ngazi, na mahali pa maji kukusanyika.

Kuna hatari isiyoonekana. Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, hewa nzito inayokaa katika mabonde na kuua mbuzi, hata watoto. Mvuke wa esansi nao ni mzito kuliko hewa: unashuka na kujaa shimoni. Cheche moja tu, ao sigara, na moto unawaka. Basi usimwage esansi karibu, usiwashe mota mtu akiwa ndani, usiingie peke yako.

Sheria ya Mungu na garaji yetu

Katika Kutoka 21, mwenye kuchimba shimo asilifunike, ng'ombe wa jirani akatumbukia, ndiye anayelipa. Na Kumbukumbu la Torati 22 inaagiza kuweka ukingo juu ya dari, damu ya mtu isije juu ya nyumba yako. Kama ng'ombe anahesabiwa hivyo, mwanafunzi wa miaka 15 je? Funika shimo kwa mbao nzito kila jioni, sababu watoto wanacheza hapo.

Na weye muzazi, unapompeleka mtoto kujifunza ufundi, usiulize tu atalipwa ngapi. Inama, utazame chini ya gari.

Ya kuzungumza katika jamaa:
1. Katika kiwanja chetu, kuna shimo gani ambalo halijafunikwa?
2. Kijana akiambiwa na patroni aingie chini ya gari isiyoshikiliwa, ajibu namna gani kwa heshima?