Hati za Amri Zinapohama Mfumo: Kosa Lisilopiga Kelele

Katika utafiti wa tiba, data husafishwa kabla ya kuchambuliwa. Majina ya wagonjwa huondolewa, namba zao hufichwa, na tarehe huandikwa kwa mtindo mmoja. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa hati fupi za amri, yaani faili lenye mistari inayoiagiza kompyuta kutumia zana kama sed, awk, grep na sort. Hati ikishafanya kazi vyema kwenye seva ya idara, mtafiti huihamishia kwenye kompyuta mpakato yake, au humpa mwenzake wa chuo kingine. Makala haya yanaeleza kwa nini uhamisho huo huhitaji tahadhari.

Asili ya tofauti

Zana hizi zilizaliwa katika maabara za Bell nchini Marekani, ulikoanzia mfumo wa Unix mwaka 1969. Lee McMahon alitunga sed kati ya mwaka 1973 na 1974. Awk ilifuata mwaka 1977, na jina lake limetokana na herufi za kwanza za majina ya watunzi wake watatu: Aho, Weinberger na Kernighan. Baadaye Unix iligawanyika katika matawi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuza tawi la BSD, ambako ndiko zilikotoka zana nyingi za kompyuta za Mac. Mradi wa GNU, uliotangazwa mwaka 1983, uliziandika upya zana hizo, nazo ndizo zinazopatikana katika mifumo mingi ya Linux. Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake; kila tawi liliongeza vionjo vyake. Kiwango kiitwacho POSIX, ambacho sehemu yake inayohusu zana hizi ilitolewa mwaka 1992, kiliweka msingi wa pamoja, lakini nyongeza nyingi zilibaki nje yake.

Makosa ya aina mbili

Kosa la kwanza hujitangaza. Amri ifuatayo hubadilisha faili papo hapo katika Linux:

sed -i 's/;/,/g' data.csv

Katika Mac, chaguo -i hudai kwanza kiambishi cha jina la nakala ya akiba. Hivyo maagizo ya ubadilishaji huchukuliwa kuwa ndicho kiambishi, na jina la faili husomwa kana kwamba ndilo agizo. Kompyuta hulalamika na kusimama. Mtafiti hukereka, lakini data hubaki salama.

Kosa la pili ndilo la kuogopwa, kwa kuwa halisemi lolote. Tuchukulie kuwa namba za wagonjwa huandikwa mfano wa MG00482, na hati inatakiwa kuzificha:

sed 's/MG[0-9]\+/SIRI/g' data.csv > safi.csv

Katika GNU, alama \+ humaanisha “moja au zaidi”, hivyo namba yote hufichwa. Katika matoleo mengi ya BSD, alama hiyo humaanisha jumlisha ya kawaida. Kompyuta hutafuta MG, tarakimu moja, kisha alama ya kujumlisha. Haioni kitu, nayo humaliza kazi bila onyo. Faili linaloitwa safi.csv hubeba namba zote za wagonjwa, tayari kutumwa nje. Hapo siri ya mgonjwa imevuja pasipo mtu yeyote kukusudia.

Mfano mwingine ni s/\t/,/g, inayokusudiwa kugeuza alama ya tabo kuwa mkato. Baadhi ya matoleo ya BSD huisoma \t kuwa herufi t tu. Neno “Mtwara” hugeuka “M,wara”, safu mpya huzaliwa katikati ya jina, na thamani zote zinazofuata husogea. Uzito wa mgonjwa unaweza kusomwa kuwa ndio umri wake.

Njia ya kujikinga

Kwanza, tumia ruwaza ambazo POSIX inazitambua. Badala ya [0-9]\+ andika [0-9][0-9]*. Badala ya kugeuza tabo kwa sed, tumia tr '\t' ','.

Pili, usibadilishe faili la asili. Andika matokeo katika faili jipya, ili la awali libaki kuwa shahidi.

Tatu, weka LC_ALL=C mwanzoni mwa hati kwa kuitanguliza neno export. Mpangilio wa sort hutegemea lugha iliyowekwa katika kompyuta. Orodha mbili zilizopangwa kwa kanuni tofauti zikiunganishwa kwa join, rekodi za baadhi ya wagonjwa zinaweza kukosa wenzake.

Nne, na hili ndilo kubwa, hati ijikague yenyewe. Amri grep -c 'MG[0-9]' safi.csv huhesabu mistari ambayo bado ina namba; jibu lisipokuwa 0, faili lisitoke. Linganisha pia idadi ya mistari na ya safu kabla na baada ya usafishaji.

Mtaalamu wa maabara hupima sampuli inayojulikana kabla ya kuamini kipimo kilichohamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine. Hati ya amri nayo ni kipimo. Kila inapohamia kompyuta mpya, ipewe kwanza faili dogo la majaribio ambalo majibu yake yanajulikana, ndipo ikabidhiwe data za wagonjwa.