Fahamu: Mionzi ya simu hupimwaje?

Septemba 2023, Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12, simu iliyokuwa sokoni tangu 2020. Kwa nini?

Nini kilibainika?
Mamlaka ya masafa ya redio ya nchi hiyo, ANFR, ilipima simu ikiwa imegusana na mwili, kama inaposhikwa mkononi au kuwekwa mfukoni. Ilipata wati 5.74 kwa kilo, ilhali kikomo cha Ulaya kwa mikono na miguu ni wati 4.

Kipimo hicho ni nini?
Huitwa SAR: kasi ambayo mwili hufyonza nishati ya redio, kwa kila kilo. Maabara hutumia umbo la mwili lililojazwa kimiminika kinachofyonza mawimbi kama mwili unavyofanya. Simu hurusha mawimbi kwa nguvu zote, na roboti hupitisha kihisio ndani ya kimiminika, nukta kwa nukta.

Je, ni hatari?
Vikomo vya kimataifa vimewekwa mara 10 chini ya kiwango ambacho joto huanza kudhuru, kwa hiyo kuvuka kikomo hakumaanishi lazima utaumia. Lakini kikomo kisichosimamiwa hakimlindi mtu.

Suala hilo liliishaje?
Apple, kampuni inayotengeneza iPhone, ilieleza kuwa simu ikihisi imetulia mezani, huruhusu nguvu zaidi kidogo, jambo ambalo vipimo vya Ufaransa havikuzingatia. Sasisho la programu liliondoa uwezo huo Ufaransa.

Ufanye nini?
Piga *#07#; simu nyingi huonyesha taarifa za SAR. Ni haki yako kujua.