Usiniulize Kusudi Lako, Nionyeshe Ratiba Yako

Swali lile limerudi tena. Safari hii limeletwa na mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, mama wa makamo, ambaye siku hizi kengele ya kipindi cha kwanza ikilia moyo unamwenda mbio. Usingizi wa mang'amung'amu. Wanafunzi aliokuwa akiwajua kwa majina sasa anawaita "hawa". Akikaa kusahihisha, anasoma ukurasa mmoja mara tatu na bado hajui amesoma nini. Amelipa kiingilio cha semina, akapewa kadi ya rangi ya chungwa iliyopigwa chapa "Nilizaliwa ili…" ajaze mwenyewe. Ameandika, akafuta, akaandika tena, mpaka kadi imetoboka. "Daktari," ananiuliza, "nitalijuaje kusudi langu?"

Nikamuuliza ana madaftari mangapi yanayomsubiri nyumbani. Akasema hayahesabiki: walimu wawili wa somo lake wamehama, na vipindi vyao vyote anafundisha yeye.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, si kwenye kadi. Lakini imani inayouzwa mjini, kuanzia kumbi za sherehe hadi makundi ya WhatsApp, inasema aliyechoshwa na kazi amekosa kusudi la maisha, na siku akilipata nguvu zitarudi zenyewe. Nimeisikia kwa wauguzi, kwa maofisa mikopo, kwa wanafunzi wa uzamili. Ni uongo, tena uongo unaomuumiza zaidi yule mtu wa maana kuliko wote kazini.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika makala ya kwanza iliyolipa tatizo hili umbo la kitaalamu. Watu aliowaeleza hawakuwa wavivu waliopotea njia. Walikuwa watumishi wa zahanati ya bure jijini New York, wengi wao wa kujitolea, naye mwenyewe akiwa mmoja wao: mchana anatibu kwenye ofisi yake, usiku anakesha zahanati. Kusudi walikuwa nalo hadi pomoni. Alichokiona ni kwamba waliojitoa zaidi ndio walioishiwa mapema.

Na haishangazi. Asiyejali kazi yake huchelewa kuingia, hutoroka mapema, na usiku analala fofofo. Anayejali ndiye anayepokea zamu ya tatu mfululizo kwa sababu wodi haiwezi kubaki tupu. Wakubwa wanalijua hilo vizuri sana. Ukiomba nafasi za ajira zijazwe, unakumbushwa kwamba ualimu ni wito, uuguzi ni wito. Wito umeziba mapengo mengi katika nchi hii, na unayaziba kwa mwili wa mtu.

Wasemaji wa semina hupenda kumtaja Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1946 kuhusu maana ya maisha. Wangekisoma mpaka mwisho. Frankl alikuwa anawazungumzia watu ambao hali yao haibadiliki, na alisema waziwazi kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe, kwani kuyavumilia bila sababu si ushujaa. Ratiba ya vipindi si kambi ya Auschwitz. Inabadilika.

Kwa anayetaka mfano wa nyumbani, mlima uko hapo juu yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Waluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili udongo usiporomoke na maji ya Mto Ruvu yasichafuke. Kusudi lilikuwa jema, nani atabisha? Hata leo Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu. Kusudi hilo lilihubiriwa, na asiyechimba alitozwa faini. Upande wa Matombo, mkulima alivuja jasho akachimba, na matuta yakageuza udongo: wenye rutuba ukafukiwa, ule mfu ukaja juu, mahindi yakadumaa. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliamka, ghasia zikazuka, na mpango ule ukafa.

Sasa zunguka upande wa pili wa mlima ule ule, Mgeta. Matuta yapo mpaka leo, na hakuna anayesimamiwa kwa faini. Yanalimwa kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyoteremshwa sokoni mjini na hadi Dar. Kazi ni ile ile ya jembe, tena ya kuvunja mgongo, kwenye mteremko ambao mgeni hawezi hata kusimama wima. Tofauti ni kwamba Mgeta mkulima ndiye anayeamua apande nini, na jasho lake linamrudia mfukoni. Hakuna aliyekwenda Matombo kuwafanyia wale watu semina ya kujitambua, na nashukuru.

Christina Maslach, mwanasaikolojia aliyeutafiti uchovu huu tangu miaka ya 1970, pamoja na mwenzake Michael Leiter, walitaja mambo sita yanayoupalilia: mzigo wa kazi, uwezo wa kuamua juu ya kazi yako, malipo na kutambuliwa, mahusiano na wenzako, haki, na maadili unayoyaamini. Kusudi linaingia kwenye hilo la mwisho tu. Ndiyo, wapo ambao hilo la mwisho ndilo linalowaua: ofisa anayelazimishwa kumsainisha mjane mkopo anaojua hataweza kuulipa. Huyo tutazungumza naye maana ya maisha, tena kwa kirefu. Ni wachache. Na Shirika la Afya Duniani, lilipoufafanua upya uchovu huu kwenye orodha yake ya magonjwa na matatizo ya afya mwaka 2019, liliutaja kuwa jambo la kazini, halikuuita ugonjwa. Kwa nini basi tunamtibu mwalimu na kuiacha shule?

Wapo pia wanaodhani dawa ni kupanda mlimani kupumzika: tangu treni ya umeme ianze safari zake kutoka Dar mwaka 2024, wanaoshuka hapa wakielekea Morningside, huko juu Uluguru, kutafuta utulivu wamekuwa wengi. Karibuni, hewa ni nzuri. Lakini nafuu ya likizo huyeyuka ndani ya wiki chache mtu akirudia mzigo ule ule. Dripu za vitamini nazo, kama huna upungufu wa vitamini, zinaishia chooni.

Ufanye nini? Kwanza pima afya: upungufu wa damu, kisukari na hitilafu ya tezi ya shingoni vyote huchosha. Kama huzuni inakufuata hata likizoni, hata harusi ya mdogo wako haikufurahishi, hiyo huenda ni sonona na ina tiba. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, na kama unawaza kujiua nenda leo. Pili, andika wiki yako yote saa kwa saa, mpelekee mkuu wako, umuulize kipi kiondoke. Usiende peke yako: vyama vya wafanyakazi, CWT na TUGHE, vinakata ada kwenye mshahara wako, vitumie. Tatu, ijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 ndani ya wiki nne, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kila mwaka yenye malipo. Ukinyimwa na mwajiri binafsi, ipo CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwenye genge lake hana wa kumshtaki. Huyo apatane na jirani wapokezane siku za kulala. Kuacha kazi kuwe la mwisho, na usiliamue ukiwa hujalala.

Wakuu wa shule, waganga wafawidhi na mameneja mnaosoma hapa: bajeti ya mafunzo ya mwaka huu msimlipe msemaji wa kusudi. Mlipeni mtu wa kushika zamu.